UZI: Kwa nini kila serikali "husafisha mto" na mto hausafiki. Historia ya maji taka, kutoka Nairobi hadi Chania yetu

Kila msimu wa kampeni kuna mheshimiwa atapanda juu ya gari, ashike maikrofoni na aahidi kurudisha mto. Watoto wataogelea, samaki watarudi, vijana watapata kazi. Halafu hapa mtandaoni wafuasi wa pande mbili wanarushiana picha: huyu anasema mtu wake ndiye alisafisha, yule anasema mtu wa huyu ndiye alichafua. Uzi huu hautaji mtu wala chama. Tutaongea kuhusu kitu ambacho hakuna mtu hupiga nacho selfi, yaani bomba la maji taka, na mahali linapoishia.

Naandika kutoka Ruring'u, Nyeri. Nasoma sayansi ya siasa, si uhandisi, kwa hivyo mahandisi mlio humu mtanivumilia. Lakini suala hili ni la siasa kuliko mnavyodhani. Ukitaka kujua serikali fulani ilimhesabu nani kuwa mtu, angalia choo chake kilielekezwa wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu mto "kufa". Mto unaweza kubeba uchafu fulani na ukajisafisha wenyewe. Bakteria waliomo majini hula kinyesi, mabaki ya chakula na sabuni, na wakila wanavuta hewa, yaani oksijeni iliyoyeyuka majini. Uchafu ukiwa kidogo na maji mengi, oksijeni inarudi, samaki hata hawajui kulikuwa na shida. Uchafu ukizidi, bakteria wanamaliza oksijeni yote, samaki wanakosa pumzi, na wanaobaki ni wale bakteria wa kuishi bila hewa, ambao ndio wanatoa ile harufu ya yai bovu. Wataalamu hupima njaa hiyo ya oksijeni kwa kipimo kinachoitwa BOD. Likumbukeni hilo neno, tutalirudia. Chupa za plastiki zinazoelea ni mbaya, ndiyo, lakini si plastiki iliyoua samaki wa Nairobi. Ni maji yenyewe.

Sasa historia.

Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli. Jina lenyewe ni la Kimaasai, la maji baridi. Mahali palikuwa tambarare, pana maji mengi ya mvua yasiyo na pa kwenda, na palifaa kuegesha vichwa vya treni, si kujenga mji. Miaka mitatu tu baadaye, 1902, tauni ikaingia sokoni kwa Wahindi, na dawa ya serikali ikawa kiberiti: soko likachomwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Hapo ndipo siasa ya maji taka Kenya inaanza. Swali halikuwa "tuweke mitaro namna gani?" Swali likawa "hawa wachafu tuwaweke wapi?"

Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma Profesa W. J. Simpson, bingwa wa afya ya miji, aje akague Afrika Mashariki. Alisema mambo mengi ya maana kuhusu mitaro na maji. Lakini pendekezo lililoshikiliwa na wakubwa ni lile la kugawa miji kwa rangi: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao. Afya ikageuka kisingizio cha kuchora ramani. Wenye kuishi mlimani wakapata mabomba. Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni mjini, mfanyakazi wa mkataba ambaye akizeeka atarudi kwao, kwa hivyo nani atachimba bomba kwa ajili ya mgeni? Alipewa choo cha ndoo. Usiku mtu anapita kuichukua na kwenda kuimwaga. Muulize babu aliyekaa mjini miaka ya 1940, atakueleza.

Nawaambia haya kwa sababu ukichukua ramani ya mabomba ya maji taka ya Nairobi leo na uiweke juu ya ramani ya ubaguzi wa kikoloni, hutahitaji mwalimu kukuonyesha zinapofanana. Uhuru ulibadilisha wenye nyumba. Bomba chini ya ardhi halikupiga kura.

Kuhusu mitambo yenyewe. Kule Uingereza walishanuka kabla yetu. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hadi bunge likashindwa kukaa (hapo ndipo pesa za mitaro zilipatikana haraka, kwa sababu harufu ilifika kwa waheshimiwa wenyewe). Baadaye waliunda tume ya kifalme ya maji taka iliyofanya kazi kutoka 1898 hadi 1915, na ripoti yake ya 1912 ndiyo iliyotoa kiwango kilichoenea dunia nzima: maji yanayotoka kwenye mtambo yasizidi miligramu 20 za BOD kwa lita, na miligramu 30 za chembe zinazoelea. Watu huishia hapo kunukuu. Wanaacha sharti lililoambatanishwa: kiwango hicho kinafaa mahali ambapo mto unaopokea una maji safi angalau mara nane ya hayo maji yaliyotibiwa.

Mara nane! Sasa nenda ukasimame juu ya daraja la mto wowote wa Nairobi mwezi wa pili, kiangazi kimeshika, uniambie hayo maji safi ya mara nane yako wapi.

Na hapa kuna jambo ambalo huwa linanishangaza kila nikilifikiria. Maji mengi ambayo Nairobi hunywa si ya mito yake. Yanatoka Aberdare, kupitia Sasumua, bwawa la miaka ya 1950, na Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika 1994. Kwa asili hayo ni maji ya bonde la Tana. Yanavukishwa kwa bomba hadi Nairobi, yananywewa, yanaogewa, yanavutwa chooni, halafu yanamwagwa kwenye bonde la Athi. Kwa hivyo wakati wa ukame sehemu kubwa ya kinachoitwa "Mto Nairobi" ni mvua ya Aberdare iliyopitia vyoo vya watu. Mkisikia kaunti za mlimani zikidai kulipwa kwa maji yao, na huku chini Machakos na Makueni wakilia kwamba wanaletewa sumu, mjue ni maji yaleyale yanayoongelewa, juu na chini.

Mtambo wa Kariobangi ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, jiji likiwa bado dogo. Unatumia matangi ya mawe: maji taka yananyunyiziwa juu ya rundo la kokoto, bakteria wanaota kwenye kokoto kama ukungu, na wanakula uchafu maji yakishuka. Hakuna maajabu, lakini mtambo huo una vyuma vinavyozunguka, pampu, na tope la kutolewa kila siku. Vyuma vinahitaji vipuri. Vipuri vinahitaji bajeti. Kwa miaka mingi Kariobangi ilifanya kazi nusunusu au haikufanya kabisa, na maji yalikuwa yakipita tu kwenda mtoni kama mgeni aliyekuta mlango wazi.

Mwisho wa miaka ya 1970 ndipo jiji likajenga Ruai, mtambo unaojulikana rasmi kwa jina la Dandora, kilomita karibu 30 mashariki. Huu ni wa mabwawa. Ulianza na uwezo wa mita za ujazo 80,000 kwa siku, kisha ukaongezwa hadi 160,000, yaani lita milioni 160. Mabwawa ni teknolojia ya watu maskini wenye ardhi kubwa na jua kali, na nasema hivyo kwa heshima. Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, halina hewa, tope linatua na kuoza. La pili lina mwani wa kijani unaotengeneza oksijeni kwa jua, bakteria wanaitumia kula kilichobaki. La tatu na kuendelea ni mafupi, jua linaua vijidudu, na mayai ya minyoo yameshazama kwa sababu maji yamekaa siku nyingi. Hakuna stima nyingi, hakuna vipuri kutoka ng'ambo. Linataka mambo mawili tu: utoe tope likijaa, na usiruhusu mtu anyakue ardhi yake.

Eeh, mnajua kilichofuata. Ardhi ya maji taka Ruai imekuwa kesi na kelele za miaka. Kiwanja cha mtambo, kwa macho ya dalali, ni ekari tupu zisizo na mwenyewe.

Lakini tatizo kubwa si uwezo wa Ruai. Ni kwamba nyumba nyingi hazijaunganishwa. Hata leo, ukichukua Kenya nzima, waliounganishwa kwa mabomba ya maji taka hawafiki robo ya watu. Wengine wana choo cha shimo, wengine tangi la chini ya ardhi na lori la kunyonya, na wengine wana ploti ya ghorofa saba ambayo mwenyewe amepitisha bomba usiku hadi mtaro wa mvua. Huo mtaro unaenda wapi? Mtoni. Kwa hivyo mtambo unaweza kuwa mzuri kabisa huku mto unakufa hapo kando, kwa sababu uchafu haujafika kwenye mtambo. Mtu akiahidi "mtambo wa kisasa", muulize: na mabomba ya kuufikia? Kilomita ngapi, kupitia mitaa gani?

Sasa tuje nyumbani, maana huku mlimani tunapenda kucheka Nairobi.

Nyeri ilianza kama kambi ya jeshi la mkoloni Desemba 1902, kati ya kilima na Mto Chania. (Chania yetu, si ile ya Thika. Kila mara kuna mtu huchanganya kwa maoni.) Kwa miongo mingi mji ulikuwa mdogo na mto una kasi na baridi, kwa hivyo dhambi zetu zilikuwa zikisombwa kwenda chini bila kelele. Mchafuzi mkubwa wa kwanza wa mito ya huku hakuwa choo. Ilikuwa kahawa.

Hii historia vijana wengi hawaijui. Mkoloni aliwazuia Waafrika wengi kulima kahawa kwa miaka mingi, halafu Mpango wa Swynnerton wa 1954, katikati ya Hali ya Hatari, ukafungua mlango. Kahawa ikaenea Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru, na vyama vya ushirika vikajenga viwanda vya kumenya. Kahawa yetu humenywa kwa maji, ndiyo sababu inanunuliwa bei nzuri, na kwa hivyo kila kiwanda kilijengwa karibu na mto. Maji ya kumenyea yakirudi mtoni yalikuwa yamebeba sukari na ute wa tunda. Hakuna kinyesi ndani yake, harufu mwanzoni ni tamu, lakini njaa yake ya oksijeni ni mbaya kupita ya choo: BOD inaweza kuwa maelfu ya miligramu kwa lita, wakati maji taka ya kawaida ya mji ni mamia tu. Mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili, msimu ukishika, mito midogo ilikuwa inageuka rangi. Wazee wanaikumbuka hiyo harufu kama harufu ya pesa.

Na dawa haikuwa ngumu. Kiwanda kinazungusha maji yaleyale mara kadhaa badala ya kutumia mapya, kisha yanamwagwa kwenye mashimo ya kunyonyea mbali na mto, na maganda yanafanywa mbolea. Kilichosukuma viwanda vingi kufanya hivyo ni wanunuzi wa ng'ambo waliotaka cheti, pamoja na sheria ya mazingira ya 1999. Nataja kahawa kwa sababu ni ushahidi kwamba kutumia maji mara ya pili si uchawi kutoka Singapore. Ushirika wa wakulima ulishafanya hapa, na hakuna aliyekata utepe.

Kuhusu maji taka ya mji wenyewe, Nyeri ilipata bahati ya kiutawala. Miaka ya 1990 mabaraza ya miji yalikuwa yakikusanya pesa za maji na kuzitumia kulipa mishahara, posho, na mambo ambayo sitataja. Bomba likipasuka hakuna shilingi. Mwaka 1997, kwa msaada wa Wajerumani, miji mitatu ya Nyeri, Kericho na Eldoret ilijaribu kitu kingine: idara ya maji ikatolewa ndani ya baraza na kufanywa kampuni yenye akaunti yake, ingawa mwenye kampuni bado ni umma. Pesa ya maji inabaki kwa maji. Sheria ya Maji ya 2002 ikaja kuufanya mtindo huo uwe wa nchi nzima, na ikaunda mdhibiti, WASREB, ambaye hutoa ripoti ya kupanga kampuni zote kama jedwali la ligi. Kampuni ya Nyeri imekaa juu ya jedwali hilo miaka mingi kuliko timu yoyote ya mpira tuliyowahi kuwa nayo hapa Ruring'u.

Msinielewe vibaya, sisemi Nyeri ni peponi. Tuna mitambo ya Kangemi (yetu, si ya Nairobi) na Gatei-ini, lakini mji umetanuka kuliko mabomba. Ukienda kwenye ploti mpya zinazoota kila mahali, wengi wako kwa mashimo na matangi. Miji mingine ya mlimani iko nyuma zaidi, na soko kubwa lisilo na bomba la maji taka ni kiwanda cha uchafu kila siku ya soko. Lakini tofauti na Nairobi ni kwamba huku mtu akipiga simu kwamba maji taka yamefurika, kuna ofisi moja inayojulikana ni yake na ina pesa ya kununua bomba. Hicho kitu kidogo ndicho tumeshindwa kuiga kwa miaka karibu 30.

Turudi kwenye kampeni za "kurudisha mto". Orodha si fupi. Mwaka 1999 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi hapohapo, lilianzisha mpango wa bonde la Mto Nairobi pamoja na serikali. Mwisho wa muongo wa 2000 kukaja msukumo mwingine: pale karibu na Globe Cinema vibanda viliondolewa, miti ikapandwa, pakapendeza kweli. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua kesi ya wakaazi, ikaamuru mito ya Nairobi na Athi isafishwe na jaa la Dandora lihamishwe. Mwisho wa 2022 ikaundwa tume ya mito ya Nairobi. Machi 2025 ukazinduliwa mradi mwingine wa mabilioni, na vijana wakaajiriwa kuzoa taka kwenye kingo.

Kila awamu ilifanya jambo. Sitaki ule ubeberu wa kibodi wa kusema hakuna kilichofanyika. Lakini angalieni kinachojirudia: kazi ya kwanza huwa ni kingo, yaani takataka, miti, na watu. Kazi ya mabomba huja mwisho, au huja kwenye hotuba. Kwa nini? Kwa sababu kingo huonekana ndani ya miezi sita. Bomba kuu linachukua miaka, linafukiwa, na atakayelizindua huenda akawa mpinzani wako. Hii ndiyo sayansi ya siasa ya maji taka yote kwa sentensi moja, na mwalimu wangu hataniongezea alama.

Na kwenye kingo kuna watu. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, amri ilitoka watu wahame mita 30 kutoka mtoni, na nyumba za Mathare na Mukuru zikabomolewa mvua ikiwa bado inanyesha. Someni kanuni za ubora wa maji za 2006: zinasema kati ya mita 6 na mita 30, kulingana na pale mafuriko ya juu kabisa yalifika. Kuna nafasi kubwa sana kati ya 6 na 30, na ndani ya nafasi hiyo kuna maelfu ya nyumba za mabati, na pia kuna majumba ya kifahari upande wa juu wa mto ambayo tingatinga halikuyaona. Miaka minne kabla, Mei 2020, corona ikiwa imetufungia ndani, maelfu walifukuzwa Kariobangi kwenye ardhi ya mtambo wa maji taka, ingawa kulikuwa na amri ya mahakama ya kuzuia. Ardhi ya mtambo ni ya umma, hilo sibishi. Ninachosema ni kwamba mkaazi wa kibanda kisicho na bomba amefukuzwa kwa jina la mto, na bomba la ghorofa la mwenye nacho bado linamwaga mtoni. Tukisema "wachafuzi", tutaje wote.

Kuna mdahalo mwingine: hii kazi ni ya nani? Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi (kifungu cha 42) na ya usafi unaofaa (kifungu cha 43). Jedwali la Nne linaweka huduma za maji na usafi kwa kaunti. Lakini Sheria ya Maji ya 2016 iliacha ujenzi mkubwa kwa mashirika ya serikali kuu, na mikopo ya nje hupitia huko. Matokeo yake, anayejenga si anayeendesha. Wa juu anajenga, anaondoka, anakabidhi. Wa chini anapokea mtambo pamoja na bili ya stima. Ndipo gavana anamlaumu waziri na waziri anamlaumu gavana, na wote wawili wana karatasi ya kuonyesha. Mkiwa kwenye baraza, swali la kumbana mtu si "mtajenga?" Ni "mkishajenga, mshahara wa fundi na pesa ya kutoa tope zitatoka wapi?"

Sasa sehemu ambayo watu hukunja pua: kutumia hayo maji tena.

Habari ni kwamba tayari tunayatumia. Maili Saba na sehemu nyingine za mashariki mwa Nairobi wakulima wamekuwa wakiziba bomba la maji taka kwa makusudi ili lifurike shambani. Wanalima sukuma, mchicha na mahindi. Si wajinga, hayo maji hayakauki kiangazi na yana mbolea ya bure ndani yake, nitrojeni na fosforasi. Shida ni mayai ya minyoo na vijidudu, na pale penye viwanda na jua kali, metali nzito. Anayeumia kwanza ni mkulima mwenyewe aliye peku shambani. Huku kwetu ni nduma za kando ya mto. Unanunua nduma nzuri asubuhi, nani aliuliza mto huo umepitia wapi?

Kwa hivyo mdahalo wa "tutumie au tusitumie" ulishapitwa. Uliobaki ni kama tutayatumia yakiwa yametibiwa au mabichi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 1989: kwa mboga za kuliwa mbichi, maji yasiwe na zaidi ya yai moja la minyoo kwa lita, wala zaidi ya bakteria 1,000 wa kinyesi kwa mililita 100. Mabwawa yenye nafasi ya kutosha na tope lililotolewa kwa wakati yanaweza kufika hapo kwa jua tu. Miti, nyasi za ng'ombe na maua zinahitaji hata chini ya hapo. Pale Nairobi, kando ya mkahawa wa Carnivore, kuna kinamasi cha kutengenezwa tangu 1994 kinachosafisha maji taka kwa matete, na ndege wamehamia. Nakuru, kampuni ya maji inakausha kinyesi na kukifanya makaa ya kupikia. Na kwa wale wanaosema Mwafrika hawezi kukubali: Windhoek, Namibia, wanakunywa maji taka yaliyosafishwa tangu 1968, na mtambo mpya wa 2002 unatoa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Hawakuanza kwa sababu wameendelea. Walianza kwa sababu mito yao haina maji.

Mimi binafsi sioni haja ya Nyeri kunywa. Tuna mvua. Lakini naona haja ya hesabu. Maji yaliyotibiwa yakiwa na mnunuzi, iwe ni kitalu cha miche, shamba la nyasi, kiwanda au mjenzi wa barabara ambaye sasa anachota mtoni kwa lori, basi mtambo unapata mtu anayelalamika ukiharibika. Mto hauna namba ya simu. Mteja anayo.

Kuna tahadhari moja, maana kuna mtu ataileta kwa maoni: ukichukua maji yote yaliyotibiwa ukayapeleka shambani, mto wa kiangazi unaweza kukosa maji kabisa, na walio chini wanakuhesabia. Ndiyo, ni kweli. Ndiyo maana uamuzi huo si wa mji mmoja kujifanyia. Chania inaingia Sagana, Sagana ndiyo Tana. Maji yetu yanaenda Masinga, lile bwawa lililojaa mwaka 1981, yanapita mitambo ya stima, yanafika Garissa ambako watu wanayachota na ndoo, hadi Kipini baharini. Upande ule mwingine, Athi inapeleka ya Nairobi kwenye bwawa la Thwake ambalo ujenzi wake ulianza 2018, na ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu imeshaonya kuhusu uchafu utakaoingia humo. Bwawa la kunywesha watu wa Ukambani, chini ya choo cha jiji. Hata mkimaliza Thwake kesho, mfereji wake utafunguliwa Kariobangi na Ruai.

Thames huwa unatajwa sana kama mfano, basi niutaje vizuri. Mwaka 1957 wataalamu wa makumbusho ya London waliutangaza mto huo hauna uhai. Mwaka 1974 samaki aina ya salmoni akaonekana tena. Katikati hapo hawakufanya kampeni ya kuzoa taka. Walipanua mitambo ya maji taka kwa miaka karibu 20, serikali za vyama tofauti zikipokezana, na kila iliyoingia ikaendelea kulipia bomba la iliyotoka.

Mtu ameniuliza kwa ujumbe: atajuaje kama wa kwake anafanya kazi au anapiga picha? Kanuni za 2006 zinataka maji yanayotoka kwenye mtambo yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita, na mitambo hupimwa. Ripoti za WASREB ziko wazi mtandaoni, kampuni kwa kampuni. Fungua, tafuta mji wako, angalia wangapi wameunganishwa na maji taka mwaka huu na mwaka uliopita. Kisha umtumie MCA wako hizo namba mbili, na umwache ajibu.